Vijana Waachwe Wayasome Mauti

Katika riwaya ya tano ya Harry Potter, iliyotoka mwaka 2003, J.K. Rowling analeta farasi wenye mabawa, waliokonda hadi mifupa kuhesabika, wanaovuta magari ya kuwapeleka wanafunzi shuleni Hogwarts. Huitwa Thestral, na hawaonekani ila na mtu aliyeshuhudia kifo. Miaka ya nyuma Harry alipanda magari hayo akidhani yanajiendesha. Sasa amemwona mwenzake Cedric akiuawa, na farasi hao anawaona; anayemhakikishia kuwa hajarukwa na akili ni Luna, msichana aliyemshuhudia mama yake akifa. Wazazi na walimu wengi hulalamika kwamba riwaya za namna hii zinawatia watoto hofu. Lakini Thestral hawapeleki msiba kwenye nyumba ya msomaji yeyote. Wanamkuta kijana aliyekwisha kufiwa, ambaye pengine aliambiwa ajikaze na anyamaze, wakampa mwenzake anayeona anachokiona yeye.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba fantasia hudanganya, kwa kuwa uchawi hufuta kifo. Kweli, zipo riwaya hafifu zinazofanya hivyo, na hata Rowling analegeza kamba pale Harry anaponusurika katika kitabu cha saba, ingawa jiwe lake la ufufuo huleta vivuli tu vya waliokufa na shujaa huliacha lianguke msituni. Patrick Ness halegezi. Riwaya yake ya mwaka 2011, A Monster Calls, imejengwa juu ya wazo la Siobhan Dowd, mwandishi aliyefariki kwa saratani mwaka 2007 kabla ya kuiandika. Zimwi linalomjia usiku Conor, kijana ambaye mama yake anaugua, ni mti wa yew, ambao huko Uingereza umesimama kwenye makaburi ya makanisa kwa karne nyingi. Majani yake ni sumu. Na bado ni jamii ya miti hiyo iliyowapa madaktari paclitaxel, dawa ya saratani. Ness anaukamata ukweli huo: dawa ya mwisho ya mama yake Conor inatokana na yew, nasi tunaanza kuamini kwamba zimwi limekuja kuponya. Dawa inashindwa. Zimwi lilikuja ili kijana atamke alichokionea aibu, kwamba amechoka kungoja na anatamani yaishe, hata kwa gharama ya kumpoteza mama. Wako watu wazima waliouguza wazazi wao, wakabaki na fikra hiyo kifuani bila kuthubutu kuisema.

Kwa hiyo riwaya isipimwe kwa wingi wa mafuvu yaliyochorwa jaladani. Ipimwe kwa hili: je, aliyekufa anabaki amekufa, na waliobaki wanaendeleaje kuishi? Mzazi mwenye wasiwasi asome kwanza mwenyewe, kisha ampe mwanawe kitabu, na maswali yakija ayajibu bila kumhadaa.