TDAH na kazi za nyumbani

Tunawajua: anaweka sombe motoni, anakwenda kuchota maji, njiani anaona nguo za kufua, na jioni kazi zote tatu ziko nusu. Tunamwita mvivu. Lakini ikiwa yuko hivyo tangu utotoni, nyumbani hata kazini, huenda ni hali ambayo waganga huiita TDAH: ubongo hushindwa kushikilia jambo moja na kupima wakati. Kumkemea hakumpi kumbukumbu.

Tumuombee, ndiyo, ila bidoni nayo ijazwe. Tupu ikae mlangoni, ionekane. Simu ilie kabla sombe haijaungua. Aanze na sahani tano tu. Na mama mwenzake akikaa karibu akimenya viazi, bila kumsimamia, mara nyingi vyombo humalizika.