Mageragere, Shamba Lililoingia Mjini

Wakati wa likizo nilikwenda kumwamkia mjomba wangu alimaye Mageragere, kando ya mto Nyabarongo. Nilimkuta ana jembe begani na matope magotini. Akacheka, akasema, "Karibu mjini, mpwa wangu!"

Wasomaji msidhani alikuwa akifanya mzaha. Kwa hesabu ya serikali Mageragere ni kata ya wilaya ya Nyarugenge, katika Jiji la Kigali. Ng'ambo ya mto, ambako wanalima mihogo ile ile, ni Kamonyi, Jimbo la Kusini.

Mto huu ni mpaka tangu zamani. Mapokeo ya Rwanda husema kwamba mfalme mwenye jina la Yuhi alikatazwa kuuvuka. Yuhi Musinga alikuwa akitawala kutoka Nyanza, upande wa pili, hapo Dr. Richard Kandt, Mjerumani, alipoanzisha kituo chake cha Kigali mwaka 1907. Kituo kile kilikuwa juu ya mlima wa Nyarugenge, wala hakikuwa na haja na watu wa mtoni. Hata uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai, 1962, Kigali ikachaguliwa kuwa mji mkuu kwa kuwa iko katikati ya nchi, ilikuwa na watu elfu chache tu. Hesabu ya mwaka 2022 ilipita milioni moja na nusu. Tangu mpango wa mwaka 2006 jiji lina wilaya tatu, na upande huu mwisho wake ni Nyabarongo.

Basi, mkulima apata nini? Barabara huja, lakini polepole. Gereza la zamani la mjini lilipofungwa mwaka 2018, wafungwa waliletwa Mageragere. (Labda mji hutanguliza pembeni vitu usivyotaka kuvitazama.) Tena ardhi yote imo katika mpango mkuu wa jiji: hapa pa kujenga, hapa pa kulima, na bonde la mto lisijengwe kabisa. Atakaye kumwongezea mwanawe chumba sharti kwanza aulize kiwanja chake kimepangiwa kazi gani.

Wakati huo huo wanunuzi hubisha hodi. Binamu yangu ataka shamba liuzwe, apate mtaji wa duka. Mjomba amesikia maneno yake yote. Asubuhi niliyoondoka alikuwa akipanda maharagwe.