Uwanja Unasema Lugha Gani? Filamu Tatu za Michezo Ninazozipenda

Filamu za michezo hufuata njia moja inayojulikana: mnyonge, kocha mkali, mazoezi ya taabu, halafu pambano la mwisho. Kwa sababu hiyo wenzetu wengi katika kitivo huziona kuwa burudani tu, kitu cha jioni baada ya kazi. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na ninazipenda kwa sababu nyingine. Uwanja ni mahali ambapo maelfu ya watu husema neno moja kwa pamoja. Kwa hiyo kila filamu ya michezo ninaiuliza: nani anasema, kwa lugha gani, na mtazamaji asiyeijua lugha hiyo anaambiwa nini? Nimechagua filamu tatu zinazojibu swali hili kwa namna tatu tofauti.

Ya kwanza inatuhusu sisi Wakongomani moja kwa moja. When We Were Kings ya Leon Gast ilitoka mwaka 1996, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1997 kama filamu ya hali halisi. Inasimulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman lililofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Pambano lilikuwa lifanyike Septemba, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, likaahirishwa. Ali alimwangusha katika raundi ya nane. Picha zilipigwa wakati ule ule, ila kuimaliza filamu kulichukua zaidi ya miaka ishirini.

Sauti inayobaki masikioni ni ile ya umati: Ali, boma ye! Dunia nzima imeambiwa kwamba maana yake ni «Ali, muue». Tafsiri hiyo si uongo, lakini tuiangalie kama tunavyofundishwa darasani. Kwanza kuna mwito, Ali. Kisha amri, boma. Mwisho kuna kiwakilishi, ye. Kiswahili huingiza alama ya mtendwa ndani ya kitenzi: piga huwa mpige, na irabu ya mwisho hubadilika. Lingala huiacha amri kama ilivyo na kuweka kiwakilishi baada yake, kikisimama peke yake. Ndiyo maana sentensi hii inapigika kama ngoma: kila neno lina pumzi yake, na mgeni anaweza kulishika kwa siku moja. Ali mwenyewe alilishika, akawa anauongoza umati.

Tazama pia nani ametajwa kwa jina. Anayeitwa ni Ali. Foreman ni ye tu. Lingala hutumia ye kwa mtu na yango kwa kitu, kwa hiyo Foreman bado ni mtu, lakini ni mtu asiye na jina. Kwa maneno matatu umati umegawa pande mbili: yule tunayesema naye, na yule tunayemsema. Sarufi yenyewe imechagua upande.

Halafu kitenzi. Koboma ni kuua, lakini ni pia kuzima na kuharibu: taa nayo huzimwa kwa kitenzi hicho hicho, koboma mwinda. Anayesikia «muue» peke yake husikia damu. Mkaaji wa Kinshasa husikia pia taa ikizimwa, na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika raundi ya nane. Hata hapa Lubumbashi, mshabiki wa Mazembe akisema tutabamaliza, hakuna anayeogopa kifo cha mtu.

Hapo ndipo filamu hii, ninayoipenda kuliko zote, inaponikera. Wanaotueleza mambo kwa urefu ni waandishi wa Marekani, Norman Mailer na George Plimpton. Watu wa Kinshasa tunawaona wengi sana, lakini kazi yao kubwa ni kupiga kelele. Filamu Ali ya Michael Mann (2001), ambamo Will Smith aliigiza, ilifika mbali zaidi: sehemu za Kinshasa zilipigwa Maputo, mji ambao Lingala si lugha yake. Kelele zilibaki, wenye lugha hawakuhitajika.

Filamu ya pili ni Invictus ya Clint Eastwood (2009), kuhusu Kombe la Dunia la raga la mwaka 1995 Afrika Kusini. Wenyeji waliishinda New Zealand 15 kwa 12 katika fainali, pale Ellis Park, Johannesburg. Humo lugha ni sehemu ya kisa chenyewe. Nahodha Francois Pienaar, anayeigizwa na Matt Damon, anawagawia wachezaji karatasi zenye maneno ya Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897. Wachezaji wanakataa: hawaijui lugha hiyo. Jibu lake si hotuba, ni kuwaambia maana ya maneno. Mwanafunzi wa Kibantu ana la kuongeza. Kwa Kixhosa bwana ni inkosi, lakini anapoitwa, irabu ya mwanzo hudondoka: Nkosi! Wimbo unaanza kwa mwito, sawa na kelele za Kinshasa. Tofauti ni kwamba huku asiyejua lugha analazimika kujifunza.

Ya tatu ni Queen of Katwe ya Mira Nair (2016), kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyejifunza sataranji. Katika mchezo huo askari mdogo akifika mwisho wa ubao anaweza kugeuka malkia. Lupita Nyong'o anaigiza mama mjane kwa nguvu inayogusa moyo. Lakini nyumbani, mama na watoto wanaongea Kiingereza kwa sehemu kubwa. Luganda ina ssebo na nnyabo, maneno ya kumpa mtu heshima yake kila unapomjibu. Kiingereza hakina kitu chenye uzito huo. Tena Uganda ni nchi ya wale wanaoitwa VJ, wanaoshika kipaza sauti katika vibanda vya video na kueleza filamu za kigeni kwa Luganda. Nchi yenye ufundi huo imeonyeshwa kana kwamba Luganda yake haiwezi kubeba kisa chake.

Basi Lingala imekuwa kelele, Kixhosa kimekuwa somo, Luganda imenyamazishwa. Hayo hayatoki katika lugha zenyewe. Yanatoka kwa yule aliyeandika tafsiri chini ya picha, au aliyeamua isiandikwe. Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua kiwakilishi kinakaa wapi na kitenzi kina maana ngapi, yaani mtu aliyepita katika madarasa yetu. Kwa hiyo nawaomba walimu wetu: mwanafunzi akileta kelele za uwanjani kama mada ya kazi yake ya kumaliza masomo, msimwambie atafute jambo la maana zaidi. Maneno matatu ya mwaka 1974 yamefika duniani kote, na hadi leo wengi wanaoyapiga hawajui sarufi yake.