Turbo ikifa mara ya tatu, mgonjwa si turbo

Tukuyu. Katika nyumba nyingi za Rungwe, gari la biashara ni sawa na ng'ombe wa maziwa. Ndilo linalotoa ada ya Januari, mbolea ya viazi, sare za watoto na nauli ya kumpeleka bibi kliniki. Likilala gereji wiki moja, nyumba nzima inajua. Mboga inabadilika, na baba na mama wanaanza kuongea kwa sauti ya chini chumbani.

Moja ya vifaa vinavyoweza kulaza gari namna hiyo, tena kwa kurudiarudia, ni turbo. Tunazungumzia hasa ile ya kufungwa baadaye, ambayo gari halikuja nayo kutoka kiwandani. Inafungwa leo, kesho gari linapanda mlima kama halina mzigo, kila mtu anafurahi. Miezi michache baadaye linaanza kupiga filimbi na kutoa moshi wa bluu. Inanunuliwa nyingine, nayo inakufa. Inatafutwa ya tatu, safari hii kwa pesa ya mkopo.

Makala haya hayamlaumu fundi wala dereva. Yanauliza swali ambalo familia yenye gari la namna hii inapaswa kuliuliza kabla ya kutoa pesa tena: kwa nini ile ya kwanza ilikufa?

Kwa nini milimani inapendwa

Mji wa Kyela uko karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Tukuyu iko karibu mita 1,500. Gari lililobeba mchele au abiria kutoka Kyela linapanda kama mita 1,000 kabla ya kufika stendi ya Tukuyu, na likiendelea kuelekea Mbeya bado kuna mlima mbele.

Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito. Katika mwinuko wa Tukuyu, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, dizeli haiungui yote, moshi mweusi unatoka na nguvu inapungua.

Turbo inatatua tatizo hilo. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa na shafti moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la kwanza, na la pili linasukuma hewa nyingi kuingia ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905.

Magari mengi tunayoyategemea hayakuja na kifaa hicho. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser haina turbo kutoka kiwandani, na vivyo hivyo injini za 3L na 5L zilizomo kwenye Hiace nyingi za dizeli. Ni injini zinazosifika kwa uvumilivu, ndiyo maana watu wanaona zinaweza kuongezewa nguvu bila tabu. Hapo ndipo hesabu inapoanza kukosewa.

Homa haitibiwi kwa kubahatisha

Zamani mtu akiwa na homa alipewa dawa ya malaria moja kwa moja. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) linasisitiza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, kwa sababu homa ni dalili tu. Ukitibu dalili na kuacha ugonjwa, mgonjwa atarudi, na pengine akiwa na hali mbaya zaidi.

Turbo ni hivyo hivyo. Ikifa mara moja, huenda ilikuwa mbovu tangu dukani, hasa kama ni ya mtumba au iliyokarabatiwa bila kusawazishwa. Ikifa mara mbili au tatu ndani ya muda mfupi, tatizo kwa kawaida liko nje yake: kwenye oili, kwenye hewa, kwenye joto au kwenye ufungaji wenyewe.

Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Haisagani na bushi zake, kwa sababu inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ndiyo damu yake. Ikichelewa kufika kwa sekunde chache tu, chuma kinagusa chuma.

Maiti ya turbo inazungumza

Kosa kubwa ni kuitupa turbo iliyokufa, au kumwachia muuza chuma chakavu kabla haijachunguzwa. Mwambie fundi aifungue mbele yako. Dalili zake zinasomeka hata kwa asiye fundi:

Shafti ikiwa imebadilika rangi kuwa ya bluu au nyeusi, ilikosa oili au ilipata joto kupita kiasi. Tafuta bomba la oili lililoziba.

Shafti na bushi zikiwa na michirizi kama zimepigwa msasa, oili ilikuwa chafu. Tafuta filta mbovu, oili iliyopitiliza muda wake, au uchafu uliobaki ndani ya injini.

Mapanga ya upande wa kuingizia hewa yakiwa yamelika au kuvunjika, kuna kitu kimeingia: vumbi, kipande cha filta, hata nati iliyosahaulika ndani ya hozi.

Mapanga ya upande wa moshi yakiwa yamepigwa, kitu kimetoka ndani ya injini yenyewe. Kufunga turbo mpya bila kuichunguza injini hapo ni kuitafutia kaburi.

Oili ikiwa imejaa kwenye turbo lakini shafti haichezi, turbo yenyewe inaweza kuwa nzima. Mara nyingi bomba la kurudisha oili limebanwa, au injini imechoka na inapumua kwa nguvu kupitia mahali pa kujazia oili, kiasi kwamba oili ya turbo inashindwa kushuka.

Kasoro za ufungaji

Turbo ya kiwandani ilipangiwa njia zake. Ya kuongezwa inatafutiwa njia, na hapo ndipo kasoro zinapozaliwa.

Ya kwanza ni bomba la kurudisha oili. Oili ikitoka kwenye turbo haisukumwi na pampu, inashuka kwa uzito wake tu. Bomba hilo linatakiwa liwe pana, lishuke bila kona kali, na liingie kwenye sampu juu ya kina cha oili. Likipinda kwenda juu hata kidogo, oili inajaa na kuvujia kwenye hewa au kwenye moshi.

Ya pili ni gundi ya gasketi. Ikipakwa nyingi kwenye mlango wa oili, kipande kinakatika, kinasafiri na kuziba tundu dogo kuliko punje ya mtama. Turbo mpya inaweza kufa siku ile ile. Mahali hapo pawekwe gasketi yake halisi.

Ya tatu ni kutoboa sampu ikiwa bado kwenye gari. Vumbi la chuma linabaki ndani na linazunguka na oili. Sampu ishushwe, itobolewe, ioshwe, ndipo irudishwe na oili na filta mpya.

Ya nne ni hozi zinazovujisha hewa. Hewa ikitoroka njiani, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikisha msukumo ule ule. Mlimani, ambako hewa tayari ni nyepesi, inaweza kupita kasi iliyoundiwa.

Ya tano ni tamaa. Pampu ya dizeli inafunguliwa ili gari liwe na nguvu zaidi. Dizeli ikizidi, joto la moshi linapanda. Injini kama 1HZ inagandamiza hewa zaidi ya mara 22, kwa kuwa haikupangiwa turbo. Ukiongeza msukumo mkubwa na dizeli nyingi, unachoma turbo leo na kupasua kichwa cha injini kesho. Anayefunga turbo bila geji ya joto la moshi na geji ya msukumo ni kama anayetibu presha bila kipimo cha presha.

Mlima, baridi na swichi

Tabia ya kuendesha nayo inachangia. Asubuhi ya Juni au Julai Tukuyu ni baridi na oili ni nzito. Dereva akiwasha na kukanyaga mafuta hapo hapo, turbo inazunguka kabla oili haijaifikia vizuri. Dakika moja ya kungurumisha taratibu, kisha mwendo mdogo hadi injini ipate joto, inatosha.

Jambo la pili ni kuzima. Gari limepanda kutoka Kyela likiwa na mzigo, turbo imepata joto la mamia ya nyuzi. Dereva anafika stendi na kuzima papo hapo ili awahi abiria. Pampu ya oili inasimama, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa masizi magumu, na masizi hayo ndiyo yanayoziba bomba. Aiache injini ingurume dakika mbili au tatu ndipo azime.

Ndiyo maana hata bomba la kuingizia oili linapaswa kubadilishwa pamoja na turbo. Kulisafisha kwa waya hakuondoi masizi yote. Wanaofunga turbo ya tatu kwa bomba lile lile wanaijengea nyumba juu ya msingi uliobomoka.

Afya ya walio ndani ya gari

Kuna upande ambao hauonekani kwenye risiti. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele. Maungio ya bomba la moshi karibu na turbo yakivuja, moshi unaweza kuingia ndani. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, hivyo ni rahisi kudhani ni malaria au njaa. Ukiona unapata nafuu kila ukishuka garini na kupata hewa, gari ndilo likaguliwe kwanza. Nawe wahi kituo cha afya na uwaeleze kuhusu moshi huo. Na kamwe mtu asilale ndani ya gari linalonguruma kwa sababu ya baridi.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Dereva, kondakta na fundi wanauvuta kila siku. Gari linalofuka moshi halistahili kuitwa zima kwa sababu tu linatembea.

Hatari nyingine ni injini kunywa oili yake. Turbo ikivujisha oili nyingi upande wa hewa, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta, ikapanda kasi yenyewe na kugoma kuzimika hata ukitoa ufunguo. Kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa na achia klachi ili injini izimike. Likishindikana, shusha watu na msogee mbali. Usizibe njia ya hewa kwa mkono.

Na likitokea kwenye mteremko, kumbuka kwamba injini ikizimika breki zinakuwa nzito baada ya kukanyaga mara chache. Simamisha gari kwanza, mapema, mahali palipo salama.

Kikao cha nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kununua turbo nyingine, baba na mama wakae na daftari. Waandike gharama ya kila turbo, ufundi, oili, na siku ambazo gari halikufanya kazi. Siku hizo ndizo husahaulika, na mara nyingi ndizo zinazoumiza zaidi.

Kisha wakubaliane mambo matatu. Kwanza, hakuna turbo mpya bila sababu ya kifo cha ile ya zamani kujulikana na kuandikwa. Pili, injini ipimwe mgandamizo na presha ya oili. Ikiwa imechoka, pesa iende kwenye injini. Tatu, wawe na kikomo. Ikifika mahali hesabu haikubali, kuirudisha injini kama ilivyotoka kiwandani si aibu. Hiace isiyo na turbo itapanda polepole, lakini itapanda leo na kesho, na mzigo unaweza kupunguzwa magunia mawili.

Kama gari lina bima, kampuni ielezwe kuhusu mabadiliko ya injini. Kuficha kunaweza kuleta mgogoro siku ya kudai.

Mwenzi asiyejua injini naye ana sehemu yake. Anaweza kuuliza swali ambalo mwenye hamu ya kurudi barabarani hulikwepa: "Fundi, hii imekufa kwa nini, na umebadilisha nini ili nyingine isife?" Fundi mzuri hakasirishwi na swali hilo, atakuonyesha shafti. Akishindwa kulijibu, pesa ibaki mfukoni hadi apatikane wa kulijibu.