Bastola za Loresho

Wako Loresho, magharibi ya Nairobi, mabwana wenye bastola kwa leseni. Disemba 2018 Serikali iliamuru raia wote wenye silaha wahakikiwe upya, na nyoyo zikaingia wahaka: sisi tunyang'anywe, majambazi je? Mwezi uliofuata hoteli ya DusitD2 ikashambuliwa.

Hofu yao si upuuzi. Tarehe 21 Septemba 2013, huko Westgate, raia wenye bastola waliingia kuokoa watu, akiwemo Abdul Haji. Maadui walikuwa na bunduki za AK-47, ambazo kikasha chake cha kawaida huchukua risasi 30. Watu 67 waliuawa.

Basi mwenye leseni akiuliza, ajibiwe kwa adabu. Ama akitaka naye kikasha kikubwa, hapo, msomaji wangu, mimi simo. Ijumaa ya 15 Machi 2019, mjini Christchurch, New Zealand, mtu mmoja mwenye vikasha vya namna hiyo aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili. Aprili Bunge la huko likavipiga marufuku pamoja na bunduki zake. Wenyewe walinung'unika, Serikali ikawalipa fidia, wakazirejesha.