Je, Wajua? Kuishi na Mapafu Yaliyochoka

Anayeishi na ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, ule ambao madaktari huuita COPD, hubeba mizigo miwili ambayo jirani haioni: uchovu na hofu. Yote miwili ina sababu mwilini, na mwenye kuzijua hujipunguzia mateso.

Kupumua peke yake ni kibarua

Je, wajua kwamba mtu mwenye afya aliyetulia hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake kupumua, ilhali mgonjwa aliyezidiwa na COPD anaweza kutumia hata mara 10 ya hizo? Hajanyanyuka kitandani, mwili umeshaanza kazi. Basi mzee anayekaa kupumzika baada ya kuvaa shati tu hajidekezi wala si mvivu.

Hewa hugoma kutoka

Wengi hudhani taabu ni kuvuta hewa. Kumbe njia zilizobana huinasa ndani, mapafu yakabaki yamejaa, na hewa mpya ikakosa pa kuingia. Ndiyo maana wagonjwa hufundishwa kuvuta kwa pua wakihesabu hadi 2, kisha kuitoa polepole hadi 4, midomo imebanwa kama ya mtu anayepiga mluzi. Kubana huko huzuia njia za hewa zisijifunge mapema.

Hofu na pumzi hulishana

Pumzi ikikatika, ubongo huona hatari: moyo unakwenda mbio, mtu anaanza kuhema. Akihema haraka hapati muda wa kuitoa hewa, inanasa zaidi, hofu inapanda. Kumwambia "tulia, huna kitu" hakumsaidii. Kaa karibu naye, usimuulize maswali, hesabu naye pumzi taratibu. Wasiwasi na sonona huwaandama sana wagonjwa hawa, na huwa na tiba. Kumweleza daktari kwamba huna raha, hulali, au unaogopa kutoka nje ni muhimu sawa na kumweleza habari za kikohozi.

Upepo usoni hutuliza

Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwamba feni ndogo ya mkononi ikielekezwa usoni huwapunguzia wengi hisia ya kukosa pumzi, kwa sababu neva za mashavuni na puani huhisi ubaridi na kuupelekea ubongo taarifa. Pasipo feni, kipepeo cha ukili nacho huleta upepo, ila mgonjwa apepewe na mwingine.

Kuanika nguo huchosha kuliko kutembea polepole

Misuli ya shingo, mabega na kifua humsaidia mgonjwa kupumua. Akiinua mikono kufikia kamba ya nguo, misuli hiyohiyo inapewa kazi mbili. Kinyume chake, akiketi ameinama mbele kidogo, viwiko vikiegemea meza, misuli hiyo inarudi kwenye kupumua na anapata nafuu. Kukuna nazi juu ya mbuzi ni mtihani mwingine: mgongo umepinda, tumbo limebanwa na kuusukuma juu msuli mpana wa kupumulia, huku mkono ukienda bila kusita. Kazi hiyo apewe mwingine. Yeye achambue mchicha mezani. Tumbo lililoshiba sana nalo husukuma vilevile, kwa hiyo ni heri milo midogo midogo.

Siku hupangwa

Aoge ameketi kwenye kigoda, kisha ajifunge khanga au taulo kubwa limkaushe bila kujisugua. Vitu vya kila siku vikae usawa wa kiuno. Anapoinuka au kupanda ngazi, atoe pumzi wakati ule wa kutumia nguvu. Na kama jioni kuna harusi ya mjukuu, kufua kusubiri kesho: nguvu ziende kwanza kwenye yale anayoyapenda, si kwenye kazi za nyumbani pekee.

Kulala kutwa hudhoofisha

Zamani madaktari waliwaamuru wagonjwa hawa wapumzike. Katika miaka ya 1950 Alvan Barach wa New York alianza kuwahimiza watembee, na muongo uliofuata Thomas Petty wa Denver akaendeleza njia hiyo. Msuli usiotumika hunyong'onyea na kudai oksijeni nyingi kwa kazi ndogo. Hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika walifanya mazoezi tiba kwa wiki 6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wakitembea mbali zaidi na maisha yao yakiwa bora.

Kuna uchovu usiosubiri

Midomo ikigeuka bluu, mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, akichanganyikiwa au akisinzia kusiko kwa kawaida, mpelekeni hospitali mara moja. Makohozi yakiongezeka au kubadilika rangi, amwone daktari siku hiyohiyo. Dalili hizi zijulikane na kila mtu mzima wa nyumba, maana mwenye kukosa pumzi huenda asiweze kuomba msaada.