Oodi: Maktaba ya Helsinki Iliyojengwa Mkabala na Bunge

Na Mwandishi Wetu

Kiwanja kilicho mkabala na Bunge, karibu na kituo kikuu cha treni, ni eneo ambalo mwekezaji yeyote wa hoteli au ofisi angelitamani. Jiji la Helsinki, makao makuu ya Finland, liliamua kiwanja cha namna hiyo kitumike kujenga maktaba ya umma. Maktaba hiyo, iitwayo Oodi, neno la Kifini lenye maana ya utenzi wa kusifu, ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, siku moja kabla ya Taifa hilo kuadhimisha miaka 101 ya uhuru.

Uamuzi huo una msingi wa kisheria. Sheria ya Maktaba za Umma ya Finland, iliyoanza kutumika mwaka 2017, inazitaka maktaba kuendeleza elimu ya maisha yote, ushiriki wa wananchi, demokrasia na uhuru wa kujieleza. Maktaba kwa maana hiyo si ghala la vitabu pekee, bali ni mahali pa wananchi kukutana, kujifunza na kupumzika bila kulazimika kununua chochote.

Jengo hilo, lenye ukubwa wa takriban mita za mraba 17,000, lilibuniwa na kampuni ya ALA Architects iliyoshinda shindano lililovutia michoro 544. Ukuta wake wa mbao umepinda kama wimbi na kuufunika kwa juu mlango mkuu, hivyo anayeingia hupata kivuli na hifadhi dhidi ya theluji.

Upekee wake mkubwa, hata hivyo, hauonekani kwa macho. Jiji lilitaka ardhi iliyo chini ya jengo iachwe tayari kwa handaki la barabara ambalo lingeweza kujengwa baadaye. Wahandisi walilijenga jengo hilo kwa mfano wa daraja, likibebwa na matao mawili ya chuma yanayovuka zaidi ya mita 100. Kwa njia hiyo, sakafu ya chini imebaki ukumbi mpana usio na nguzo katikati.

Oodi ina ghorofa tatu zenye matumizi tofauti. Ya chini ina mgahawa, ukumbi wa sinema na nafasi za mikutano. Ya kati ni ya kazi za mikono na ubunifu: kuna cherehani, printa za pande tatu, studio za muziki na hata jiko ambalo wananchi hulikodi na kupika pamoja. Ya juu, iliyozungukwa na vioo, ina takriban vitabu 100,000, sehemu ya watoto na miti iliyopandwa ndani. Roboti husaidia kusafirisha vitabu vilivyorejeshwa. Roshani ya ghorofa hiyo inatazamana na Bunge, na imewekwa usawa mmoja na lango la Bunge kama ishara kwamba mwananchi na mwakilishi wake wako daraja moja.

Wananchi walishirikishwa kabla ya msingi kuchimbwa. Walikusanywa mawazo kuhusu huduma wanazozihitaji, wakapewa nafasi ya kuamua matumizi ya sehemu ya fedha za majaribio, na jina la maktaba likapatikana kutokana na mapendekezo yao. Si kila wazo lilikubaliwa. Pendekezo la kuweka sauna, chumba cha kuogea mvuke ambacho ni sehemu ya maisha ya Wafini, liliachwa.

Ujenzi uligharimu takriban yuro milioni 98, fedha za jiji pamoja na mchango wa Serikali kuu. Matokeo yalionekana mapema: katika mwaka wa kwanza Oodi ilipokea zaidi ya watu milioni tatu, katika jiji lililokuwa na wakazi wapatao 650,000 wakati huo. Mwaka 2019 ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Maktaba Bora ya Umma.

Thamani ya jengo la umma haipimwi kwa mapato ya kiwanja pekee. Katika Oodi, mwanafunzi asiye na kompyuta, mama mwenye mtoto mchanga, mzee anayeishi peke yake na mhamiaji anayejifunza lugha huingia kwa mlango uleule, bila kiingilio, katikati kabisa ya jiji lao.